Ukitapeliwa kwa Simu

Umeuza magunia mawili ya mahindi. Jioni unapata ujumbe kwenye simu: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Wewe unadaiwa mbolea dukani. Unadhani ni mwenye duka. Unatuma. Kesho yake mwenye duka anakuja kukudai! Hapo ndipo unajua kwamba umetapeliwa.

Usione aibu. Tapeli hakujui. Ametuma maneno hayo hayo kwa watu wengi, na katika wengi mwenye deni hakosekani.

Piga simu namba 100 saa hiyo hiyo. Hao ni huduma kwa wateja wa mtandao wako. Kama tapeli hajatoa pesa kwa wakala, huenda ikazuiwa. Akishaitoa, ni vigumu kuipata. Mama mmoja wa darasa letu alikaa siku mbili akimwogopa mumewe. Alipopiga, pesa ilikwisha kutolewa.

Utaulizwa: ulituma namba gani, kiasi gani, saa ngapi? Kwa hiyo usifute ujumbe. Sasa unajua kusoma; usome tena, unakili yote kwenye daftari. Namba yako ya siri usimpe mtu. Anayeiuliza ni tapeli mwingine.

Kisha toa taarifa ya namba ya tapeli kwa ujumbe kwenda 15040, ili ifungwe. Nenda pia kituo cha polisi na daftari lako, upewe RB, yaani namba ya taarifa yako.

Zoezi: Andika 100 na 15040 kwenye karatasi. Ibandike ukutani, pale unapochaji simu.