Darasani, Mtandaoni au Mseto? Mwongozo kwa Mtumishi wa Afya Anayetafuta Shahada ya Uzamili

Mtumishi wa afya aliyeko Haneti, wilayani Chamwino, anapotaka kusoma shahada ya uzamili hukabiliwa na swali zito: aondoke kituoni aende chuoni, au asome akiwa kazini? Uamuzi huo haumgusi yeye peke yake. Penye watumishi wachache, akiondoka mmoja, mjamzito na mtoto mwenye homa ndio wanaongoja zaidi.

Njia ziko tatu. Katika masomo ya ana kwa ana, mwalimu na mwanafunzi hukutana mahali pamoja. Katika masomo ya mtandaoni, mihadhara, majadiliano na kazi za kuandika hupitia kompyuta au simu. Mseto huunganisha mawili hayo: nadharia husomwa mbali, mazoezi hufanyika chuoni au hospitalini kwa vipindi vilivyopangwa.

Kusoma kwa masafa si jambo geni kwetu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992. Nchini Kenya, AMREF ilianza mwaka 2005 kuwaendeleza wauguzi wa ngazi ya cheti kufikia stashahada kwa njia ya kompyuta, wakiwa wangali kazini.

Kipimo cha kwanza ni somo lenyewe. Takwimu, epidemiolojia, sera na uongozi wa huduma za afya huweza kufundishwa vyema mtandaoni. Upasuaji, uzazi na utoaji wa dawa za usingizi ni mambo mengine. Hakuna skrini inayoweza kumpa mwanafunzi hisia ya tumbo lililokakamaa chini ya vidole vyake. Ndiyo maana daktari anayesomea ubingwa hukaa miaka kadhaa wodini chini ya usimamizi.

Mseto nao una mtego wake. Asiyepunguziwa zamu husoma usiku na kuhudumia mchana, na uchovu wake humfikia mgonjwa. Basi, kabla ya kujaza fomu, jiulize:

1. Je, ujuzi ninaoutafuta ni wa kufikiri tu, au pia wa mikono?
2. Nani atanisimamia kwenye mazoezi, na wapi?
3. Je, mwajiri amekubali kwa maandishi saa zangu za kusoma na mtu wa kushika zamu yangu?
4. Umeme na intaneti vikikatika, naweza kupakua masomo mapema?
5. Je, vipindi vya chuoni vinaweza kuepuka mvua za Desemba hadi Aprili, wakati safari za vijijini huwa ngumu?

Majibu yakielekea kwenye ujuzi wa mikono, chagua ana kwa ana, nawe mwajiri tafuta wa kujaza nafasi mapema. Yakielekea kwenye nadharia, mtandao unatosha. Yakigawanyika, mseto unafaa, mradi saa za kusoma ziwe zimelindwa.

Nawe mgonjwa, ukiambiwa mhudumu wako yuko masomoni, una haki ya kuuliza ni nani anayeshika nafasi yake. Jibu la swali hilo lapaswa kuwapo kabla hajaondoka.