New York hadi Nairobi: Saa za Tiketi na Saa za Mwili

Umbali wa anga kati ya New York na Nairobi ni takriban kilomita 11,800. Ndege isiyotua njiani huchukua takriban saa 14 kwenda na saa 15 kurudi. Tofauti hiyo husababishwa na upepo wa anga za juu uvumao kutoka magharibi kuelekea mashariki: huisukuma ndege inapokwenda na kuikabili inaporudi. Anayebadilisha ndege njiani hukaa safarini muda mrefu zaidi.

Kuhesabu muda halisi

Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji husika. Nairobi iko mbele ya New York kwa saa 8 wakati wa baridi, na kwa saa 7 kuanzia Machi hadi mapema Novemba, Marekani inaposogeza saa zake mbele.

Kwa mfano, wakati wa baridi ndege huondoka New York 13:00, yaani saa 7 mchana, na kutua Nairobi 11:00, yaani saa 5 asubuhi ya siku ya pili. Tiketi huonyesha pengo la saa 22. Zikitolewa 8, hubaki 14. Wakati wa kurudi, ndege huondoka Nairobi 23:00, saa 5 usiku, na kutua New York 06:00, saa 12 asubuhi. Pengo huonekana kuwa saa 7 tu. Zikijumlishwa 8, hupatikana 15. Mwili huishi saa hizo 15, si zile 7.

Miguu

Kukaa bila kutembea kwa zaidi ya saa 4 huongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu. Hatari ni kubwa zaidi kwa mjamzito, aliyejifungua au kupasuliwa hivi karibuni, mgonjwa wa saratani, anayetumia vidonge vya kuzuia mimba vyenye estrojeni, na aliyewahi kuganda damu. Hao wamwone daktari kabla ya safari. Kila msafiri anashauriwa kuinuka na kutembea mara kwa mara, kukunja na kukunjua vifundo vya miguu akiwa kitini, na kunywa maji ya kutosha.

Mguu mmoja ukivimba, kuuma au kupata joto, hata wiki kadhaa baada ya safari, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akipata maumivu ya kifua au kushindwa kupumua, hiyo ni dharura: Marekani hupigwa simu 911.

Dawa

Dawa zisafirishwe katika mzigo wa mkononi, pamoja na cheti cha daktari. Insulini isiwekwe katika mizigo ya chini ya ndege, kwani huweza kuganda kwa baridi na kuharibika. Anayetumia insulini apange ratiba na daktari wiki kadhaa kabla. Asiongeze wala kupunguza kipimo kwa kukisia. Mzazi mzee anayesafiri peke yake aandikiwe saa za dawa kwenye karatasi, kwa saa za mji mmoja tu, na saa yake ya mkononi isibadilishwe hadi atue.

Usingizi

Mwili huhitaji siku kadhaa kuzoea saa mpya, hasa baada ya kuelekea mashariki. Mwanga wa jua wa mchana husaidia. Asiyelala vizuri asiendeshe gari siku ya kuwasili.