Nyumba ya kupangisha bondeni: ikatie bima itakayolipa

Una nyumba ya kupangisha karibu na Bonde la Msimbazi, na kila masika roho iko juu. Desemba 2011 na Aprili 2018 Dar es Salaam iliona maji yanavyoingia majumbani. Bima ya nyumba kama hiyo inapatikana, ila inataka maandalizi.

Kwanza pima umbali wako na mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Kama uko ndani ya hizo mita, usilipe ada ya bima bado. Nenda halmashauri kwanza ujue hatima ya jengo lako.

Tafuta bima kabla ya Machi. Maji yakishafika mlangoni, hakuna atakayekukatia.

Sasa kwenye mkataba. Bima nyingi za majengo zinaanzia kwenye moto na radi, mafuriko huongezwa. Wakala akikwambia "zote zimo humo", mwombe akuonyeshe ukurasa. Neno mafuriko liwepo kwa maandishi. Bomba kupasuka ni kitu kingine, na mvua kuvuja darini ni kingine tena. Kisha uliza sehemu ya hasara utakayoibeba mwenyewe kwenye mafuriko. Mara nyingi ni kubwa kuliko ya moto, na ukikubali kubeba zaidi, ada inaweza kushuka.

Sema ukweli kuhusu wapangaji. Usijaze fomu kana kwamba unaishi humo mwenyewe. Vyumba sita vya kupangisha, fremu ya duka mbele, kijana anayekaanga chipsi barazani: andika vyote. Kama maji yaliwahi kuingia, andika mwaka na yalifika wapi. Ada inaweza kupanda, lakini siku ya madai hakuna atakayekugeuzia kibao kwamba ulificha.

Hapa kwenye thamani ndipo wengi wanaumia, kwa hiyo tulia. Bima inataka gharama ya kulijenga jengo upya: tofali, bati, nondo, fundi. Kiwanja hakimo. Tuseme kujenga upya ni shilingi milioni 80, wewe ukaandika milioni 40 ili ada iwe ndogo. Maji yakiharibu vitu vya milioni 20, kampuni inaweza kukulipa nusu tu, milioni 10, kwa sababu ulikata bima ya nusu ya nyumba. Na bado watakata ile sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe. Mlipe mkadiriaji majenzi akupe hesabu iliyosainiwa. Hiyo pesa haipotei.

Omba pia kinga ya kodi iliyopotea, ili ulipwe miezi ambayo nyumba haikaliki. Uliza nyumba ikikaa tupu inalindwa kwa siku ngapi. Mikataba mingi ina ukomo.

Kabla mkaguzi wa kampuni ya bima hajaja, inua mita ya Luku na soketi, zibua mtaro, pandisha kizingiti, piga picha. Hivyo ndivyo unavyopata nguvu ya kujadili ada.

Ukiweza, tumia dalali wa bima mwenye leseni ya TIRA (Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania): yeye anakuwakilisha wewe, wakala anaiwakilisha kampuni. Lipa kwenye akaunti ya kampuni, kisha hakiki bima yako kwenye mfumo wa TIRA MIS.

Waambie wapangaji mapema kwamba magodoro na televisheni zao hazimo kwenye bima yako. Liandikeni kwenye mkataba wa upangaji. Ni haki yao kujua.

Maji yakiingia, toa watu na zima umeme kwanza. Yakishapungua, piga picha kabla hujaosha tope, hasa ule mstari wa maji ukutani. Toa taarifa siku hiyohiyo kwa maandishi. Milango iliyovimba usiitupe mpaka mkadiria hasara aione. Kampuni ikikataa kulipa, dai sababu kwa barua. Sababu isipokuridhisha, ipeleke barua hiyo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima pamoja na mkataba, risiti na zile picha.