Nani Analipa Ukitibiwa?

Mama mmoja alimleta kwetu mtoto wa miaka miwili. Homa ilikuwa ya siku ya tatu. Nilimwuliza kwa nini amechelewa. Akajibu, "Mganga, nilikuwa namngoja baba yake auze samaki."

Alingoja bure. Mtoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bila malipo katika zahanati ya serikali. Mama mjamzito vilevile. Mgonjwa wa kifua kikuu vilevile.

Je, nani analipa? Ni wewe. Ukinunua sabuni dukani, ndani ya bei mna kodi. Kodi hiyo husaidia kununua dawa na kulipa mshahara wa mganga.

Lakini kodi haikutosha. Mwaka 1993 hospitali za serikali zilianza kutoza ada. Watu wengine wakaanza kukaa na ugonjwa nyumbani. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Bima si upatu. Katika upatu kila mmoja hungoja zamu yake. Bima ni kama chama cha kuzikana: unachanga ukiwa mzima, na unaomba zamu yako isifike. Akiugua jirani, mchango wako humtibu.

Anzia zahanati. Tukishindwa tutakuandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya, Bagamoyo. Wakishindwa wao, utapelekwa Tumbi, Kibaha, au Muhimbili.

Mtoto akipata homa usiku, mlete asubuhi, pamoja na kadi yake ya kliniki. Ukidaiwa fedha, mwone mjumbe wa kamati ya zahanati siku hiyohiyo.