SOMO LA MOTOKAA: Je, Yafaa Kuiondoa Stabilaiza?

Mkulima mmoja wa Hindi ametuletea swali. Ana pikapu ya kuendeshwa kwa magurudumu manne. Fundi ameiinua kwa springi ndefu, karibu inchi nne, ipate kupita mitaroni, na sasa amshauri aondoe kile chuma cha mbele kiitwacho stabilaiza ili magurudumu yapate kucheza. Mkulima auliza: nikubali au nikatae? Tunamjibu katika gazeti hili, maana tumeona magari kama lake Mpeketoni na Witu pia, na kwa kawaida hurudi sokoni watu wameketi juu ya magunia.

Jibu kwa ufupi ni hili: chuma hicho chaweza kufunguliwa kwa kazi ya shimoni, lakini lazima kirudishwe kabla gari halijagusa lami. Sababu zake ndizo somo letu la mwezi huu.

Tuanze Matondoni. Ni kijiji cha mafundi wa majahazi, ng'ambo ya maji, na mzigo wa nchi kavu huko hubebwa na punda. Huenda ukajiuliza mambo ya springi yaingiaje. Mkulima aliyekwisha kuvuka na mazao yake kutoka gati la Mokowe ameona kwa macho yake jinsi mabaharia wanavyopanga shehena. Kilicho kizito hukaa chini, kilicho chepesi juu. Chombo kikisafiri kitupu hutiwa farumi, mawe au mchanga, chini kabisa tumboni, kisilale upepo ukivuma. Mashua nyingi za Lamu zina tena ubao unaotolewa nje upande wa joshi, na baharia mmoja au wawili huukalia kuzuia chombo kisilale. Ubao ukirudishwa ndani, tanga nalo hupunguzwa. Hakuna nahodha anayeondoa ubao na papo hapo akaongeza tanga.

Pwani hii hii zamani iliunda mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari. Mtepe uliweza kunepa kidogo ukigusa mchanga, pale ambapo chombo kigumu kingepasuka. Basi kunepa si kosa. Gari pia lahitaji kunepa. Lakini nahodha wa mtepe hakupakia ovyo kwa kuwa chombo chake chanepa.

Sasa inama chini ya gari lako, mbele. Utaona chuma cha mviringo, unene wake wapata kidole gumba au zaidi, kimepindwa mfano wa herufi U iliyopanuliwa. Katikati kimeshikwa kwenye chasisi kwa bushi za mpira, na ncha zake mbili zimeungwa kwenye ekseli kwa vijiti vifupi viitwavyo linki. (Katika magari mengine mpango huo umegeuzwa, chuma kiko kwenye ekseli na linki zapanda chasisi, lakini kazi ni ile ile.) Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja, kama juu ya tuta, chuma chazunguka tu ndani ya bushi zake. Gurudumu moja likipanda na la pili likibaki chini, chuma chasokotwa, nacho kwa kuwa ni chuma cha springi chakataa kusokotwa. Kwenye kona mambo ni hayo hayo: bodi yalala nje, springi ya nje yashuka, ya ndani yafunguka, na stabilaiza yazuia bodi isilale zaidi.

Hapo ndipo yatokeapo malalamiko ya mafundi. Tuseme unakata mtaro kwa mshazari. Gurudumu la kulia latakiwa kuzama mtaroni, lakini stabilaiza yalivuta juu, nalo labaki likining'inia. Difu ya kawaida hupeleka mzunguko kwa gurudumu lisilo na kazi. Basi lile linaloning'inia lazunguka bure, na la pili lililo chini lasimama. Ukifungua linki, gurudumu lashuka mpaka udongoni, lashika, na gari latoka. Fundi hakumdanganya mkulima wetu katika hilo.

Lakini tutazame udongo wetu. Mashamba mengi ya Ziwa Kenyatta na ya Hindi-Magogoni ni tambarare, na mvua ikinyesha kwenye udongo mweusi magurudumu yote manne huzama pamoja mpaka tumbo la gari likalalia tope. Kwenye tope la namna hiyo stabilaiza haina dhambi yo yote. Kuiondoa hakukusaidii hata kidogo. Kinachosaidia ni tairi zenye meno mazuri, minyororo, sepetu, na mbao mbili za kutia chini ya magurudumu. Mchangani punguza upepo wa tairi kwa theluthi moja ikiwa gari si zito, enda polepole, nawe ujaze tena kabla ya kurudi barabarani. Pampu ya mkono ni bei rahisi kuliko kazi ya fundi.

Kwa nini basi magari yaliyofunguliwa chuma hiki yalitembea miaka mingi bila kupinduka? Kwa sababu barabara ya Garsen, Witu hadi Mokowe ilikuwa ya udongo, na gari lilikwenda polepole kwa lazima. Sasa imetiwa lami. Gari ni lile lile, mzigo ni ule ule, lakini mguu wa dereva umekuwa mzito.

Chukua kalamu tufanye hesabu. Pima kutoka katikati ya tairi moja mpaka katikati ya tairi la pili upande wa pili: tuseme mita 1.5. Nusu yake ni mita 0.75. Kisha chukua kimo cha kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote wa gari wasawazika. Kwa pikapu tupu tuseme ni mita 0.70 kutoka chini. Gawanya 0.75 kwa 0.70, wapata 1.07. Maana yake ni kwamba ili kuliangusha gari hilo kwa ubavu yatakiwa nguvu ya kando iliyozidi kidogo uzito wake wote.

Sasa pakia. Gari lina kilo 1,900. Tia magunia kumi ya mahindi ya kilo 90, jumla kilo 900, na kitovu cha magunia hayo kiwe mita 1.3 kutoka chini. Kitovu cha gari na mzigo pamoja chapanda mpaka mita 0.89, na hesabu yashuka hadi 0.84. Inua gari hilo sentimita 10 kwa springi ndefu: kitovu chafika mita 0.99, na hesabu yawa 0.76. Ongeza watu watano juu ya magunia uone inashuka wapi. Nakuachia mwenyewe.

Nambari hizo zina maana gani? Tairi kwenye lami kavu laweza kushika kando kwa nguvu ya 0.7 au 0.8 ya uzito ulio juu yake. Kwenye tope mara nyingi halifiki hata nusu ya hiyo. Ndiyo kusema, gari lenye 0.76 likikata kona kwa kasi katika tope litateleza kwanza, dereva ataogopa, atapunguza mwendo, na jambo limekwisha. Gari hilo hilo juu ya lami halitelezi. Tairi zashika, bodi yaendelea, na gari lapinduka. Mkulima aliyejifunza kuendesha matopeni amezoea kuonywa na mtelezo. Lami haimwonyi.

Na hesabu yetu ilikuwa ya gari gumu lisilonepa. Gari la kweli lalala juu ya springi zake, na likilala, kitovu cha uzito chahamia upande wa nje, hata lianguke mapema kuliko nambari inavyosema. Stabilaiza ndiyo inayopunguza kulala huko. Ukiinua gari umekwisha kula sehemu ya usalama wake. Ukiondoa na chuma, umekula sehemu ya pili. Hatari iliyo kubwa kabisa si hata kona. Ng'ombe wakikatiza njia, dereva hukwepa kulia na kurudi kushoto kwa ghafula. Bodi ililala upande mmoja, sasa yatupwa upande wa pili kwa nguvu za springi zake yenyewe, na mzigo nao wafuata.

Wenye viwanda wamelijua jambo hili kwa uchungu. Land Rover za zamani, zile za springi za majani, hazikuwa na stabilaiza. Springi zilikuwa ngumu na mwendo mdogo. Range Rover ya kwanza ilipotoka 1970 ilikuwa na springi laini za mviringo zenye kunepa sana, wala haikuwa na stabilaiza. Ilisifiwa matopeni, lakini kwenye kona ililala kama mashua, na baada ya miaka kama 20 kiwanda kikaitia. Nao Jeep, katika Wrangler Rubicon ya 2007, walitia swichi ya kufungua stabilaiza ya mbele. Lakini gari likizidisha mwendo kidogo tu, chuma hujifunga chenyewe. Tazama vizuri: hawakukiondoa. Wamekifungua kwa muda.

Vijana wengi wa Kenya wameona magari ya Rhino Charge, yale mashindano yaliyoanza 1989 kuchangia ua wa umeme wa msitu wa Aberdare, nao wapenda kuiga jinsi magurudumu yanavyoning'inia juu ya mawe. Waige na mengine. Magari yale yana fremu ya chuma ya kumlinda dereva, mikanda imekazwa, hakuna gunia hata moja, wala hakuna mama na mtoto aliyeketi juu yake.

Ukiamua kufungua kwa kazi maalumu, kwa mfano kuvuta magogo bondeni, fanya hivi. Simamisha gari mahali sawa, tia mawe magurudumuni, na mzigo uwe umeshushwa. Mahali pakiwa sawa chuma hakisokotwi, nazo bolti hutoka kwa spana bila kuruka. Fungua linki zote mbili. Ukifungua moja tu, chuma hakifanyi kazi, tena ncha yake yaweza kugonga tairi au kukata mpira wa breki. Funga chuma juu, mbali na vitu vinavyozunguka, nazo bolti uzitie katika kopo ndani ya gari, si mfukoni mwa fundi. Kisha mtu mmoja apeleke gurudumu mtaroni polepole, na mwingine atazame chini: mipira ya breki isivutike, springi zisitoke mahali pake, na shokomzoba zisiwe ndizo zilizobeba ekseli. Gurudumu lililoachwa huru hushuka kuliko lilivyokusudiwa, na mpira wa breki ukikatika huko huwezi kuujua mpaka utakapokanyaga. Tazama na kros za propela pia.

Usikubali kabisa chuma hicho kikatwe, kipashwe moto au kichomelewe. Ni chuma cha springi. Kikipashwa moto hupoteza ugumu wake, na siku nyingine huvunjika bila kukuarifu.

Sasa kwa mkulima wetu wa Hindi. Gari lako, kwa maelezo yako mwenyewe, latembea lami siku sita kwa juma, na siku moja shambani. Acha stabilaiza mahali pake. Ikiwa baada ya kuinuliwa linki zake zimelala mshazari au chuma chagusa ekseli, hilo ni jambo jingine: mwambie fundi atie linki ndefu zaidi zinazofaa gari hilo, ili chuma kirudi kulala kama kilivyotoka kiwandani, na abadilishe bushi zilizokwisha. Tena umwulize kama inchi nne zilikuwa lazima, au mbili zingetosha mtaro wako. Huenda nusu siku ya jembe mtaroni ingetosha pia.