Mkataba wa Amani Ukisainiwa, Kagua Haya

Marais wameshikana mikono na redio zinatangaza amani. Kabla hujashangilia, tafuta maandishi yenyewe uyasome. Mikataba mingi ya aina hii hupatikana kwenye tovuti za Umoja wa Mataifa.

Ruka utangulizi. Maneno ya udugu na ujirani mwema hayaondoi askari hata mmoja mpakani. Nenda kwenye viambatisho, utafute tarehe: nani anaondoka wapi, na lini. Mkataba wa Misri na Israel wa Machi 1979 uliipa Israel miaka 3 kuondoka Sinai. Aprili 1982 ikawa imeondoka, isipokuwa kipande cha Taba.

Kisha uliza: wakibishana, nani anaamua? Taba ilipelekwa kwa wasuluhishi. Mwaka 1988 waliamua ni ya Misri, na mwaka uliofuata ikakabidhiwa.

Lakini mwamuzi peke yake hatoshi, na hapa ndipo uwe makini zaidi. Desemba 2000, Ethiopia na Eritrea zilisaini mkataba wa amani mjini Algiers. Zilikubali kwamba uamuzi wa tume ya mpaka utakuwa wa mwisho. Aprili 2002 tume ikatoa uamuzi, na mstari wake ukauacha mji uliogombaniwa wa Badme upande wa Eritrea. Ethiopia ikagoma kuukabidhi. Waliosimamia mkataba hawakuibana vya kutosha, na walinda amani wa Umoja wa Mataifa wakaondoka 2008. Familia zilizogawanywa na mpaka zilisubiri hadi Julai 2018 ndipo laini za simu kati ya nchi hizo zikafunguliwa. Kwa hiyo tafuta kifungu kinachosema atakayegoma atafanywa nini. Usipokiona, punguza matumaini.

Angalia pia kama kuna waangalizi wanaokaa hapohapo uwandani. Sinai wapo tangu 1982 hadi leo.

Mwisho, jiulize kama amani hiyo inamtegemea mtu mmoja. Sadat, rais wa Misri aliyesaini mkataba wa 1979, aliuawa Oktoba 1981, lakini ratiba ya Sinai haikusimama. Tamko la Asmara la 2018, kati ya Ethiopia na Eritrea, lilikuwa fupi na liliegemea maelewano ya viongozi wawili. Vituo vya mpakani vilifunguliwa Septemba mwaka huo, vikafungwa tena ndani ya miezi michache.

Siku mkataba wa nchi yako na jirani utakapofika bungeni kuridhiwa, mtafute mbunge wako. Mwambie aulize tarehe, mwamuzi na waangalizi kabla hajapiga kura.