Kula Salama Melini: Kijitabu cha Kaya Zinazosafiri kwa Meli Wakati wa Likizo na Sikukuu

Kwa nini tumeandika

Kila Desemba, na kila inapokaribia Idi, meli hujaa. Mwanza kwenda Bukoba, Unguja kwenda Pemba, Kigoma kushuka vijiji vya mwambao wa Tanganyika. Watu wanakwenda kwao, na mtu anayekwenda kwao hubeba chakula: pilau, kuku wa kukaanga, ndizi za nyama, sambusa za watoto. Asubuhi meli ikifunga gati tunapokea kwenye kituo cha afya wagonjwa wale wale. Mama anaharisha. Mtoto ametapika usiku kucha. Mzee anashikwa mkono kwa sababu ya kizunguzungu.

Tukiwauliza walikula nini, wanajibu kwa uhakika kabisa: "Chakula chetu wenyewe, tulipika nyumbani." Ni kweli. Kilipikwa na mikono safi, kwenye sufuria safi. Lakini kilipikwa mchana kikaliwa usiku.

Hatuandiki kumkataza mtu kula vizuri safarini. Kula ni sehemu ya raha ya safari. Pilau ile tuipendayo sote haijakatazwa. Kilichokatazwa ni pilau ya mchana kuliwa usiku.

Masaa mawili

Shika hili hata ukisahau mengine yote: chakula kilichopikwa kikishapoa, kisikae zaidi ya masaa mawili. Yakipita, usile na usimpe mtoto.

Hesabu hivi. Umepakua pilau saa nane mchana. Umeifunga ikiwa ya moto, ukaiweka kwenye mfuko, mfuko ukaingia kwenye begi. Mmekaa bandarini tangu saa kumi na moja, mzigo unapakiwa, meli imechelewa. Mmeondoka saa tatu usiku. Watoto wamelia njaa, mmefungua chakula saa tano. Kimekaa masaa tisa, tena ndani ya begi, kwenye joto la watu na mizigo. Hicho si chakula tena.

Watu hutupa majibu mengi hapa, na tumeyasikia yote.

"Hakinuki." Chakula chenye sumu mara nyingi hakinuki, hakibadiliki rangi, na ladha yake ni nzuri. Pua haikuambii kitu.

"Tulikipasha moto kwenye mgahawa wa meli." Kupasha hakuponyi wali uliokaa. Sumu inayoachwa kwenye wali haiondoki kwa moto.

"Tulikifunga vizuri." Kukifunga kikiwa cha moto ndiko kunakokivundisha haraka zaidi.

"Nyumbani tunakula kiporo kila asubuhi na hatuumwi." Kiporo cha nyumbani kimelala kwenye sufuria, mahali penye ubaridi wa usiku. Hiki cha safarini kimelala ndani ya begi pamoja na nguo. Na hata hicho cha nyumbani hatukisifii.

"Ni dhambi kutupa chakula." Tunawaelewa wanaosema hivi. Kuku ameuzwa bei kubwa, na mama ameamka alfajiri kupika. Basi pika kidogo, mle kabla hamjaingia melini, kiishe pale pale bandarini. Hapo hakuna cha kutupa.

Hotipoti nzuri inasaidia, kwa masharti. Iwe imepashwa kwanza kwa maji yanayochemka, chakula kiingie kikitoka jikoni, ijae mpaka juu, na isifunguliwe-funguliwe. Ukiifungua saa ya kula, chakula kiwe cha moto kiasi cha kuunguza ulimi. Kikiwa cha uvuguvugu, hesabu ile ile inarudi: masaa mawili. Hotipoti ya mfuniko uliolegea ni bakuli tu.

Vinavyooza haraka kuliko vyote

Wali na pilau. Nyama ya mchuzi. Kuku. Samaki. Maharage yenye nazi. Chochote chenye nazi. Kachumbari. Sambusa za nyama. Mayonezi. Viazi vya kuponda. Uji wa maziwa uliowekwa kwenye chupa ya mtoto. Chai ya maziwa iliyokwisha kupoa. Hivi vyote visipande meli ya usiku isipokuwa mnavila ndani ya masaa mawili.

Basi tubebe nini?

Vipo vingi, na ni vitamu. Beba vitu vikavu na vitu vyenye maganda yake. Ndizi mbivu, machungwa, chenza, maembe yasiyokatwa, parachichi zima. Karanga, korosho, bisi. Mkate mkavu na maandazi yasiyo na kitu ndani. Chapati tupu, bila mchuzi. Visheti, kashata, biskuti. Anayetoka Zanzibar ana halua, na halua inavumilia safari. Anayetoka Bukoba msimu wa senene ana senene waliokaangwa wakakauka kabisa, na hakuna chakula cha safari kinachowashinda. Dagaa wakavu waliokaangwa nao ni hivyo hivyo, mradi wawe wakavu kweli na si wa kurostiwa na nyanya.

Matunda yaoshwe nyumbani kwa maji salama. Yamenywe wakati wa kula, na mikono iliyonawa. Tikiti na nanasi vilivyokatwa na kuuzwa kwenye sinia bandarini, viache.

Ukitaka chakula cha moto, nunua kwenye mgahawa wa meli, chagua kilichopikwa sasa hivi, mbele yako ukiweza. Chipsi mayai inayotoka kwenye kikaango ni salama kuliko kuku wako wa mchana. Tunajua mama nyumbani hatapenda kusikia hivyo.

Maji

Usinywe maji ya ziwa. Usisukutue mdomo kwa maji ya ziwa. Usioshee matunda, vyombo wala chupa ya mtoto kwa maji ya ziwa. Ndoo yenye kamba inayoteremshwa ubavuni mwa chombo inachota maji yale yale yanayopokea uchafu wa bandari, wa vijiji na wa vyombo vyenyewe. Kwamba katikati ya ziwa maji yanaonekana safi haimaanishi chochote.

Mei 2015, katika kijiji cha Kagunga kando ya Ziwa Tanganyika, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walisongamana ufukweni wakisubiri MV Liemba iwafikishe Kigoma. Vyoo havikutosha, maji yalikuwa ya ziwani. Kipindupindu kikaingia. Katika muda mfupi wagonjwa walikaribia 3,000, na zaidi ya 30 wakafa. Hao hawakuwa na la kufanya. Wewe unayekwenda likizo una siku nzima ya kuchemsha maji kabla ya kuondoka.

Chemsha maji yachemke kabisa, yapoe yakiwa yamefunikwa, yatie kwenye chupa au dumu safi lenye mdomo mdogo. Au nunua chupa ambayo kifuniko chake hakijakatwa. Au tumia vidonge vya kutibu maji kama pakiti inavyoelekeza, bila kupunguza.

Barafu

Hujui imetengenezwa kwa maji gani, kwa hiyo usiitie kwenye kinywaji.

Mikono

Sabuni na maji yanayotiririka, kabla ya kula na baada ya choo. Beba kipande chako cha sabuni, maana vyoo vingi vya melini havina. Beba pia chupa ya maji ya kunawia, mmoja amwagie mwenzake. Kunawa kwenye bakuli moja watu sita ni kugawana uchafu.

Mtoto anayenyonya

Aendelee kunyonya, hata akiharisha.

Wenye sukari, wenye presha, wajawazito

Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye mzigo uliopelekwa chini. Mwenye kisukari ale kwa saa zake za kawaida, meli ikichelewa chakula chake kisichelewe, na awe na kitu kitamu mfukoni kwa ajili ya sukari kushuka. Mwenye presha ajihadhari na dagaa wa chumvi. Mjamzito asikae na njaa, na ile kanuni ya masaa mawili kwake ina uzito mara mbili.

Kichefuchefu cha mawimbi

Mkondo wa Pemba una mawimbi, hasa wakati wa kusi. Kula kidogo masaa machache kabla ya kupanda, chakula kisicho na mafuta. Usipande na tumbo tupu, wala tumbo lililojaa. Kaa katikati ya chombo, tazama mbali mahali bahari inapokutana na mbingu, acha simu. Tangawizi husaidia baadhi ya watu.

Anayetapika kwa mawimbi hupata nafuu chombo kikitulia. Anayeendelea kutapika baada ya kushuka, au anayeharisha pia, au mwenye homa, huyo si mawimbi.

Mkishuka visiwani: samaki, bunju na kasa

Samaki aliyelala juani, hasa jodari na vibua, anaweza kuuwasha mwili, kuuchoma mdomo na kuleta mapigo ya moyo ya haraka, na kumpika hakumsafishi. Nunua aliyewekwa kwenye barafu tangu alipovuliwa. Bunju usile, hata mwenyeji akikuambia anajua kumtengeneza.

Nyama ya kasa usile. Usionje, usimpe mtoto hata mchuzi wake. Machi 2024 katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na wengine wengi walilazwa. Moto hauondoi sumu ya kasa, na hakuna dawa yake. Kumvua kasa pia ni kosa kisheria. Ukialikwa, sema daktari amekukataza. Sisi tunakukataza hapa, kwa hiyo hutakuwa umesema uongo.

Ukipanda meli kubwa ya kitalii

Wako wanaolipiwa safari na watoto wao walioko ng'ambo, na wako vijana wetu wanaofanya kazi kwenye meli zile kubwa zinazotia nanga Mombasa na Zanzibar. Huko chakula kimepangwa mezani kutwa, unajipakulia utakacho. Usidhani ung'avu wa meza ni kinga. Ugonjwa wa kutapika na kuharisha husambaa katika meli hizo kwa sababu maelfu ya watu wanashika mwiko mmoja, mlango mmoja, ngazi moja. Marekani, meli zinazofika bandari zake hufuatiliwa rasmi, na wagonjwa wakifikia asilimia 3 ya abiria au ya wafanyakazi ndipo taarifa hutolewa kwa umma.

Dawa ya mikono ile ya kupaka, ya spiriti, haitoshi kwa ugonjwa huo. Nawa kwa sabuni na maji kwanza. Nawa tena ukishamaliza kujipakulia, kabla hujala, maana umeshika miko ya watu wote. Chukua kinachotoa moshi, na kile cha baridi kilichokaa juu ya barafu. Cha uvuguvugu pita. Usipeleke sahani chumbani ukala saa sita usiku. Masaa mawili ni masaa mawili hata kwenye meli ya ghorofa kumi na tano. Pakua kidogo kidogo, chakula hakiishi, hakuna anayekimbizana nawe. Ukianza kutapika, kaa chumbani umwite mganga wa meli. Usijifiche kwa hofu ya kuharibiwa likizo, kwa sababu utaiharibu ya wengine.

Mtu akianza kuharisha melini

Anza kumpa maji ya chumvi na sukari mara moja, usingoje nchi kavu. Pakiti moja ya ORS katika lita moja ya maji salama. Kila familia inayosafiri na mtoto ibebe pakiti mbili au tatu. Vituo vya afya na maduka ya dawa vinazo. Huna pakiti? Lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta juu. Usizidishe chumvi. Mpe kidogo kidogo; akitapika, ngoja dakika kumi, anza tena polepole.

Usimpe soda. Usimpe dawa ya kufunga tumbo bila kuandikiwa, hasa mtoto. Usimnyime kunywa ukidhani kuhara kutakoma.

Mwite mhudumu wa meli haraka ukiona: macho yamedidimia, mdomo umekauka, mkojo umekatika, mtoto amelegea au hawezi kunywa, kinyesi kina damu, au choo kinatoka kama maji ya mchele. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa kipindupindu, na mtu huweza kufa ndani ya masaa machache.

Aliyemhudumia mgonjwa anawe kwa sabuni kabla ya kumgusa mwingine au kushika chakula.

Mkifika

Chakula cha safari kilichobaki kitupwe bandarini, wasije wakapewa watoto wa nyumbani wanaokusubirini. Mwenye dalili aende kituo cha afya kilicho karibu na gati kwanza, kusalimia wazee kufuate baadaye. Awaambie wahudumu alikula nini, kilipikwa saa ngapi, na nani walikula naye sinia moja. Wale wote wa sinia hiyo waje pia, hata kama bado wanajisikia wazima.